Air Tanzania Inapotafuta Marubani, Kijana wa Bagamoyo Anahusikaje?

Mkufunzi wa urubani anajibu maswali ya wasomaji wa Bagamoyo na vijiji vya jirani.

Ndege moja ikinunuliwa, marubani wawili si wanatosha? (Mzazi, Kaole)

Hawatoshi, mzazi mwenzangu. Sheria inaweka ukomo wa saa za rubani kuruka kwa siku, mwezi na mwaka, ilhali ndege ikiegeshwa ni hasara. Kwa hiyo kila ndege hupokezanwa na marubani kadhaa. Tena Air Tanzania ilipokea Q400 za pangaboi mwaka 2016, Boeing 787 na Airbus A220 mwaka 2018, kisha 737 MAX mwaka 2023. Kila aina ina mafunzo yake. Aliyezoea Q400 haishiki 787 mpaka asome upya.

Shikamoo. Nipo kidato cha nne. Nikipata leseni nitaajiriwa? (Mwanafunzi, Zinga)

Marahaba, mwanangu. Leseni ya rubani wa biashara huhitaji takriban saa 200 za kuruka. Ukapteni wa ndege kubwa hudai leseni ya juu zaidi, ya saa 1,500. Hapo katikati vijana wetu wengi hukwama: leseni wanayo, deni wanalo, wa kuwapa saa hayupo. Jambo hili linaniuma sana. Wewe kaza fizikia, hisabati na Kiingereza. Na kabla baba hajauza kiwanja, kapimwe afya na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA).

Saa hizo zilizobaki zinapatikana wapi?

Kwenye Cessna Caravan zinazokwenda Zanzibar, Saadani na Pangani. Zina injini moja na abiria wachache, lakini hupaa na kutua mara nyingi kwa siku. Humo rubani huuzoea upepo wa kusi, mawingu ya masika na kiwanja cha mbugani ambacho lazima akikague kwa macho, asije akatua juu ya mnyama. Shirika kubwa likiajiri, huchota wazoefu wa huko, na viti wanavyoviacha ndivyo vyenu. Basi tangazo la kutafuta wazoefu linamhusu hata mwenye saa 200. Kwa maoni yangu, kiti cha kulia cha Caravan, ambacho mara nyingi hupewa abiria, kingepewa rubani chipukizi.

Ni lazima mwanangu asome Afrika Kusini? (Mama, Mapinga)

Si lazima. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, nacho kimeingia kwenye mafunzo ya urubani. Popote utakapompeleka, ulizia TCAA kama shule inatambuliwa, kisha nenda ukahesabu ndege zinazoruka wiki hiyo. Ada ikishalipwa na ndege ikawa karakanani, mwanao atakaa bwenini miezi bila kuongeza hata saa moja.