Kutunza Bomba la Kupulizia Dawa Baina ya Misimu

Katika vihamba vya Mwika, siku ambazo bomba la kupulizia dawa huwa mgongoni mwa mkulima ni chache kuliko siku ambazo huwa limetundikwa ukutani. Kahawa hupuliziwa kwa awamu ili kuikinga na chulebuni na kutu ya majani, kisha bomba hukaa wiki au miezi likingoja. Mkulima aliyepanda aina bora zinazostahimili magonjwa hayo, zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI) iliyoko Lyamungo, hulihitaji mara chache zaidi. Kwa hiyo namna ya kulihifadhi ina uzito sawa na namna ya kulitumia. Bomba lililowekwa vibaya huharibika likiwa mapumzikoni, na madhara yake huonekana siku linaporudi kazini, dawa inapovuja na kumtiririkia mpuliziaji mgongoni.

Mabomba ya mkono hufanya kazi kwa nguvu ya hewa iliyoshindiliwa. Mengine hujazwa hewa kwa pistoni kabla ya kazi kuanza. Mengine hupampiwa kwa mpini huku mkulima akitembea. Kwa aina zote mbili, kuna vitu vitatu visivyopaswa kubaki ndani bomba linapowekwa: hewa iliyobanwa, dawa na unyevu.

1. Hewa

Kazi inapokwisha, toa hewa yote kwanza. Vuta valvu ya usalama iwapo ipo, au geuza mdomo wa bomba mahali pasipo na mtu na ubonyeze kifyatulio hadi mlio wa hewa ukome. Usifungue kifuniko kabla ya hapo, kwani hewa iliyobanwa huweza kukirusha usoni pamoja na matone ya dawa. Bomba lililoachwa na hewa ndani huchosha mipira ya kuzibia na mishono ya tangi, na mtoto akilichezea huweza kujipulizia sumu.

2. Dawa

Dawa zenye shaba, ambazo wakulima wa kahawa wamezitumia kwa muda mrefu, hula chuma. Mabaki yake yakilala ndani ya tangi la chuma, ukuta wa tangi huliwa taratibu bila kuonekana kwa nje, na tangi lililodhoofika huweza kupasuka likijazwa hewa. Katika tangi la plastiki, mabaki hukauka na kuziba chujio na tundu la kupulizia.

Suuza bomba mara tatu kwa maji safi, ukiwa bado umevaa glovu na buti. Kila mara tikisa, pampu, kisha pulizia maji hayo kupitia mpira na mdomo wa bomba, juu ya mimea ile ile uliyotoka kuihudumia. Usisuuzie kwenye mfereji wala kumwaga maji hayo karibu nao. Mifereji ya mlimani hupita kihamba hadi kihamba, na maji unayoyaachia wewe huchotwa na jirani aliye chini yako kwa ajili ya mifugo na matumizi ya nyumbani.

Tundu likiziba, lisafishe kwa maji na brashi laini. Waya hulipanua na kuharibu kipimo cha dawa. Kulipuliza kwa mdomo ni kujilisha sumu. Aidha, bomba la kiuagugu liwe la peke yake, kwani masalia kidogo ya dawa hiyo huweza kuunguza kahawa na migomba.

3. Unyevu

Fungua kifuniko, ondoa chujio, na uliinamishe bomba kivulini hadi likauke kabisa. Jua kali hukausha upesi lakini hufanya plastiki na mipira kuwa mikavu na rahisi kupasuka. Mipira ya kuzibia ipakwe kilainishi kilichoelekezwa na mtengenezaji. Mafuta ya taa na oili chafu huifanya ivimbe na kulegea.

Mahali pa kuliweka

Liweke katika stoo yenye kufuli, pakavu, mbali na moto na juu kuliko mkono wa mtoto unavyofika. Dari la jikoni linapohifadhiwa mahindi si mahali pake, wala zizini karibu na majani ya ng'ombe. Funga mdomo wake kwa kitambaa safi ili wadudu wasijenge ndani, na utundike mpira bila kuukunja.

Kabla ya msimu na unaponunua

Wiki moja kabla ya kupulizia, tia maji safi, pampu, na uangalie kila kiungo. Tone likionekana, badilisha mpira wa kuzibia. Tangi lenye ufa au kutu ya ndani lisichomelewe wala kufungwa kwa mpira wa baiskeli, liondolewe kazini.

Unaponunua bomba jipya, omba lijaribiwe kwa maji mbele yako, uliza iwapo vipuri vyake vinapatikana karibu, na udai risiti pamoja na maelezo ya matumizi. Likiwa na kasoro, lirudishe kwa muuzaji ukiwa na risiti hiyo. Asipokusikiliza, mlaji unayo haki ya kupeleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003.

Maswali ya kujipima

Bomba lako liko wapi leo? Lilisuuzwa mara ngapi lilipotumika mwisho, na maji yake yalikwenda wapi? Je, mtoto wa nyumbani kwako anaweza kulifikia? Ukikosa jibu la swali lolote, lishushe bomba hilo leo ulikague, kabla mvua za Machi hazijakukuta.