Kupima Dirisha kwa Pazia la Marinda: Fanya Hivi, Acha Vile

Pazia la marinda ukilikosea kipimo, hakuna pa kukimbilia. La ringi likipungua kidogo utalivuta huku na kule, na mgeni hatajua. La marinda limeshonwa kwa ukuta wako mwenyewe: idadi ya marinda, nafasi kati ya rinda na rinda, mahali ndoano zinapokaa. Likipungua halivutiki, na likizidi linavimba katikati. Nimechoka kuona watu wazima, wenye akili timamu, wakinunua kitambaa cha laki kadhaa kwa kukadiria kwa macho, kisha wanamgeukia fundi kwa lawama. Soma, shika futi, pima.

FANYA: maliza sakafu na dari, funga bomba, ndipo upime

Funga bomba au reli kabla ya kupima. Pazia halining'inii kwenye dirisha, linaning'inia kwenye bomba. Ukipima dirisha umepima tundu la ukutani tu. Panda juu ya fremu sentimita 10 hadi 15, au sogea karibu na dari ukitaka chumba kionekane kirefu. Pembeni, toka nje ya fremu sentimita 15 hadi 25 kila upande, na zaidi ukuta ukiruhusu. Pazia la marinda lenye bitana, likikusanywa lote, linaweza kula robo hadi theluthi ya bomba. Bomba likiishia pale fremu inapoishia, kitambaa chote hicho kinakaa juu ya kioo mchana kutwa. Kwa joto la Dar es Salaam la mwezi wa pili, huko ni kujinyima upepo kwa mkono wako.

Ila kabla ya bomba, maliza sakafu na dari. Nyumba zetu tunazijenga kwa awamu, na watu huagiza mapazia sakafu ikiwa bado zege tupu. Marumaru pamoja na saruji ya kuyabandikia huinua sakafu, na dari ya jipsamu hushuka hadi pale bomba lilipotakiwa kukaa. Mteja mmoja wa Mbezi alitaka mapazia yawe tayari kabla hajahamia. Yalikuwa tayari. Siku fundi wa marumaru alipomaliza, kila pazia lilikuwa linaburuza, na tukafumua pindo la nyumba nzima.

Tazama kila kinachotokeza ukutani: kiyoyozi, vitasa, nondo za ndani, dirisha linalofungukia ndani. Bomba moja lisimame angalau sentimita 8 kutoka ukutani. Yakiwa mawili, la nyuma la pazia jepesi na la mbele la pazia zito, hilo la mbele lipe kama 15. Vinginevyo mapazia yatasuguana na kunasa kwenye vitasa.

USIFANYE: usiumie kwa sababu ya pazia

Usitoboe ukuta moja kwa moja juu ya swichi au soketi. Nyaya mara nyingi hupanda wima kutoka hapo hadi darini, na drili haichagui cha kutoboa.

Usipande kiti cha plastiki, wala stuli juu ya kitanda. Tafuta ngazi na mtu wa kuishika. Kwenye dirisha la ghorofani lisilo na nondo, hili halina mjadala.

Usiache kamba ya kuvutia ining'inie ikiwa na kitanzi, na usiweke kitanda cha mtoto chini yake. Mtoto akinaswa shingo hana namna ya kupiga kelele. Ifunge juu asikofika, au nunua reli isiyo na kamba.

FANYA: futi ya chuma, kipimo kimoja, daftari moja

Tumia futi ya chuma. Futi laini ya fundi nguo ni ya kiuno na kifua. Ukiivuta ukutani inalegea katikati, na ikizeeka inavutika na kudanganya.

Andika upana kwanza, urefu baadaye, kwa kila dirisha, siku zote kwa mpangilio huo. Yape madirisha majina: sebuleni la barabarani, sebuleni la uani, chumba cha watoto. Pima kila moja hata kama mjenzi amekuapia kwamba yote yako sawa. Hayako sawa.

USIFANYE: usichanganye lugha za vipimo

Usiandike futi hapa, inchi pale na sentimita kule. Chagua sentimita, ukae nazo mpaka mwisho. Dukani uliza wanauza kwa mita au kwa yadi. Yadi moja ni sentimita 91.44. Uliyehesabu mita 10 ukapimiwa yadi 10, umetoka na upungufu wa karibu sentimita 86, na fundi hana dawa yake.

Usimtumie fundi picha ya dirisha kwenye simu ukadhani umempa kipimo. Usipime kwa shubiri, hatua wala ufagio.

FANYA: hesabu upana wa bomba, kisha zidisha

Pima bomba kutoka kishikio cha mwisho hadi kishikio cha mwisho. Vichwa vya mapambo usivihesabu, kwani pazia halifiki huko. Ongeza sentimita 10 za mapazia mawili kupishana katikati, kama reli yako inaruhusu kupishana. Ongeza pia umbali wa bomba kutoka ukutani, kushoto na kulia, ili pazia lipinde na kuziba pembeni. Asiyeongeza hapo hulala na mstari wa taa ya jirani usoni.

Jumla hiyo izidishe kwa mbili na nusu ikiwa ni marinda ya kubana mara tatu. Kwa marinda ya kubana mara mbili, mara mbili inatosha. Pazia jepesi la nyuma linaweza kufika mara tatu, maana kitambaa kinachopitisha mwanga kikiwa kichache hakistiri.

USIFANYE: usiibe kwenye marinda

Usiniambie "weka marinda lakini tumia kitambaa kidogo". Marinda ni kitambaa. Chukua bomba la sentimita 240. Ongeza 10 za kupishana, na 8 mara mbili za pembeni, unapata 266. Mara mbili na nusu ni 665. Ukitoa 266 zinazoziba ukuta, zinabaki 399 za kuingia kwenye marinda. Yakiwa marinda 25, kila moja linapata karibu sentimita 16, na hilo ni rinda la kusimama. Sasa zidisha kwa moja na nusu ili uokoe pesa: zinabaki 133, na kila rinda linapata sentimita 5 na kitu. Hapo umepata pazia lililotandazwa kama shuka kwenye kamba. Bajeti ikiwa ndogo, punguza bei ya kitambaa, usipunguze upana wake. Kitambaa cha bei nafuu kilichojaa kinapendeza kuliko cha ghali kilichonyong'onyea.

FANYA: pima urefu mahali patatu

Anzia kwenye tundu la chini la ringi au kitelezi, pale ndoano inapoingia. Usianzie juu ya bomba. Kitambaa kinachosimama juu ya ndoano kuficha reli ni kipimo kingine, kiandike peke yake.

Shuka hadi sakafuni upande wa kushoto, katikati na kulia. Vipimo vitatofautiana, kwa sababu sakafu nyingi hazina usawa. Chukua kilicho kifupi kabisa, toa sentimita 1 au moja na nusu, na hicho ndicho kimo cha pazia lako. Tofauti ikizidi sentimita 2, chukua pima maji ulikague bomba. Bomba ndilo linalorekebishwa. Pazia huwezi kulishona mshazari.

USIFANYE: usiburuze, usikatishe njiani

Usiache pazia lilale sakafuni kwa sababu uliliona hivyo kwenye picha za hoteli. Nyumba inayopigwa deki kila asubuhi haina nafasi ya pazia hilo. Pindo linanyonya maji machafu, linaota madoa, na mtoto anayetambaa analivuta.

Usilikatishe katikati ya ukuta. Lifike kwenye kizingiti cha chini cha dirisha, au lipite sentimita 15 chini yake, au lifike sakafuni. Jikoni lisikaribie jiko hata kidogo. Moto wa gesi na pazia linalopepea ni msiba unaosubiri upepo.

Na usipunguze mara mbili. Wewe ukitoa sentimita 1, fundi naye akitoa yake, pazia linaning'inia juu juu. Andika wazi: hiki ni kipimo cha ukuta, au hiki ni cha pazia lililokamilika.

FANYA: hesabu vipande kabla hujafika Kariakoo

Upana wa kitambaa ndio unaoamua mita utakazonunua. Turudi kwenye zile sentimita 665. Kitambaa cha upana wa 140 kinahitaji vipande 4.75, yaani vipande 5. Sentimita 35 zinazozidi zinamezwa na mapindo ya kando na mishono. Kimo kikiwa 255, ongeza kama 30 za kichwa na pindo la chini, unapata 285 kwa kipande. Vipande vitano ni mita 14.25.

Kitambaa chenye maua uliza ua linajirudia kila baada ya sentimita ngapi. Likijirudia kila 64, kipande cha 285 hakikatwi 285. Kinakatwa 320, yaani maua matano kamili, ili maua yakutane kwenye mshono. Sasa unahitaji mita 16. Ukinunua 14.25, ua la kushoto litakuwa na kichwa na la kulia litakuwa na shina tu.

Nunua kitambaa chote kutoka jora moja. Ukirudi wiki ijayo kuongezea mita mbili, rangi inaweza isilingane, na jua la dirishani litaitangaza tofauti hiyo. Vipande vya mahameli vikatwe vyote kuelekea upande mmoja. Kipande kikigeuzwa kitaonekana rangi nyingine.

USIFANYE: usidanganywe na kitambaa kipana

Kitambaa cha upana wa 280 hulazwa ubavu, upana wake ukawa kimo cha pazia, na unanunua kama mita 7 bila mshono hata mmoja. Ni kizuri, lakini kipime kwanza. Pazia letu linataka 285 kabla ya kushonwa, na 280 haifiki. Hapo ndipo watu wengi wanapoangukia: wanasikia "kipana", wanalipa, wanafika kwa fundi na kuambiwa pindo la chini litakuwa la kidole kimoja. Tafuta cha upana wa 300, au shusha bomba kabla hujanunua.

Usikate pamba wala kitani kabla hujaviloweka na kuvikausha. Vitambaa hivyo hurudi. Kitambaa kikirudi asilimia 3 tu, pazia la 250 limepoteza sentimita 7 na nusu, na ukuta wa chini umeanza kuonekana. Bitana nayo iloweke, la sivyo itarudi peke yake na kulivuta pazia juu.

FANYA: mlete fundi nyumbani

Mpe daftari lako, kisha mwache apime upya bila kulitazama. Vipimo vikitofautiana, pimeni pamoja mbele ya dirisha, papo hapo. Mwambie aandike kwenye risiti aina ya marinda, mara ngapi amezidisha upana, na kimo cha pazia lililokamilika.

USIFANYE: usimpe kitambaa fundi asiyepima

Fundi anayekwambia "niachie tu, nazijua nyumba za huko" usimwachie. Mkasi ukishapita, duka halipokei kitambaa, na yeye hana cha kukurudishia. Akikataa kuja kupima, chukua kitambaa chako utafute fundi mwingine.