MAWE YA CHOKAA NA VITUNDU VYAKE

Watu wengi hudhani ya kuwa jiwe ni kitu kigumu kisicho na nafasi ndani yake. Sivyo. Mawe mengi ya chokaa asili yake ni makombe na matumbawe ya bahari ya zamani, nayo yana vitundu ambamo hukaa maji au mafuta. Mafuta ya Ghawar, katika Saudia, yaliyovumbuliwa mwaka 1948, hutoka katika mawe ya namna hii.

Lakini wingi wa vitundu si neno la mwisho. Mwaka 1983 mtaalamu Lucia alivigawa kwa jinsi vilivyoungana, nasi twaweza kuvitaja kwa aina tatu.

Aina ya kwanza ni nafasi baina ya chembe, kama nafasi zilizo baina ya punje za mtama ndani ya pishi. Chembe zikiwa kubwa, maji hupita upesi. Zikiwa laini kama unga, hupita kwa shida.

Aina ya pili ni mashimo yaliyojitenga, kama pale ambapo kombe limeyeyuka likaacha mahali pake patupu. Jiwe hilo ni kama nyumba yenye vyumba vingi visivyo na milango.

Aina ya tatu ni mashimo, nyufa na mapango yaliyoshikana. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni, yakawa makali kidogo, yakalila jiwe miaka mingi hata yakajifanyia njia.

Basi mawe mawili yaweza kuwa na nafasi sawasawa, moja likatoa maji tele, la pili lisitoe kitu.

Elimu hii yatuhusu sisi pia, kwa maana huko Unguja na pwani ya Afrika Mashariki visima vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe. Mchanga laini huyachuja maji yapitapo polepole, bali ufa hauchuji. Uchafu wa choo ukiingia katika ufa waweza kufika kisimani upesi, na maji yakaonekana maangavu, kumbe yana maradhi.

Kwa hiyo, mzee wa mji anayechagua mahali pa kisima asitosheke kuona jiwe lenye matundu. Na aulize: njia za matundu haya zatoka wapi? Choo na kiwe mbali, na maji ya kunywa yachemshwe.