SOMO: Makabati ya Jiko la Usharika kwa Fedha Kidogo



Katika maombi ya ukarabati wa majiko yanayofika ofisini kwetu, kifungu kinachozua mjadala mara nyingi ni makabati. Kamati hupita dukani mjini, huona seti nzima inayong'aa, huuliza bei na kurudi kimya. Wengine hukata tamaa, na magunia ya unga huendelea kukaa sakafuni. Wengine huamua kununua seti hiyo kwa kupunguza fedha za sinki na bomba la moshi. Katika somo hili tunapendekeza njia ya tatu, ambayo usharika wa kawaida unaweza kuimudu.

Kabati ni la kazi gani?

Jiko la usharika hulisha watoto wa shule ya awali, wageni wa semina na wafiwa. Gunia lililolazwa juu ya sakafu huvuta unyevu, na unyevu huleta ukungu. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Ni kweli kwamba kabati haliwezi kuondoa sumukuvu ambayo imekwisha kuingia kwenye nafaka. Hata hivyo, mahali pakavu, palipoinuka na penye hewa husaidia isiendelee kuongezeka.

Aidha, tunakuta majiko ambayo chupa ya mafuta ya taa na dawa ya kuulia wadudu hukaa rafu moja na sukari. Mtoto wa miaka minne hasomi lebo. Kwa hiyo kabati ni kinga kwanza, urembo baadaye. Kanuni tunayoisisitiza ni hii: fedha ziende kwanza penye maji, panya na uzito, mapambo yasubiri.

Hatua ya 1: Hesabuni vyombo kabla ya kuita seremala

Kaeni na akina mama wanaopika, si wenyeviti peke yao. Andikeni sufuria zipo ngapi na kubwa kuliko zote ina upana gani, sahani ni ngapi, na unga unaokaa jikoni kwa wakati mmoja ni kilo ngapi. Sufuria kubwa hazihitaji mlango. Rafu ya wazi inatosha. Unga, sukari, mafuta ya kula na chumvi vinahitaji mlango na kufuli. Orodha hii peke yake inaweza kupunguza idadi ya milango, na milango ndiyo inayokula fedha nyingi za mbao, bawaba na ufundi.

Hatua ya 2: Chini jengeni kwa tofali, juu tumieni mbao

Sehemu ya chini hupigwa deki kila siku na hubeba uzito. Fundi mwashi anaweza kujenga kuta fupi za matofali, akaweka rafu na meza ya zege yenye nondo, kisha akapiga lipu laini. Chini ya kuta atandike nailoni nzito kuzuia unyevu. Nafasi kati ya ukuta na ukuta isizidi sentimita 90, ili ifunikwe na milango miwili isiyo mizito. Zege limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau, na mbao zinazolishikilia zisiondolewe kwa haraka. Kabati la namna hii halitafunwi na mchwa wala halivimbi, na matofali na mchanga waumini wanaweza kuvichangia wenyewe.

Kabati za juu, ambazo hazifikiwi na maji, zinaweza kuwa za mbao au za MDF. MDF ni nafuu na hunyooka vizuri, lakini maji yakiingia kwenye kingo zake huvimba na hairudi tena. Msiitumie chini ya sinki.

Hatua ya 3: Chagueni mbao kwa busara

Mninga na mvule ni mbao nzuri, lakini si za bajeti yetu. Paini, ambayo wengine huiita msindano, hupatikana kwa bei nafuu zaidi. Shamba la miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, limekuwa likitoa mbao za aina hiyo kwa miaka mingi. Jambo la muhimu ni ukavu. Ubao mbichi ni mzito, na ukishatengenezwa mlango hupinda. Nunueni mapema, mzipange kivulini kwa kuweka vijiti kati ya ubao na ubao, mpaka zikauke.

Tahadhari: mbao za kuezekea zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani, zisitumike kwa rafu zinazogusa chakula.

Kwa mlango wa kabati la chakula, fremu ya mbao na wavu wa chuma wenye matundu madogo hufaa sana. Wazee wetu walikuwa na kabati la wavu majumbani, na sababu yake ilikuwa nzuri: hewa inapita, panya hapiti.

Hatua ya 4: Pangeni vipimo kufuata ubao

Ubao mzima wa MDF au plaiwudi una sentimita 244 kwa 122. Tuseme kamati imeamua kuweka kabati la ubao upande mkavu wa jiko. Mbavu zenye kina cha sentimita 60 na urefu wa 80 hupatikana 6 katika ubao mmoja. Mkiongeza sentimita 2 tu, urefu ukawa 82, hamtapata 6 tena, na kinachobaki ni vipande. Ubavu wa sentimita 80 ukikaa juu ya msingi wa saruji wa sentimita 6 na kufunikwa kwa meza ya sentimita 4, unafika sentimita 90, kimo kinachowafaa wapishi wengi. Mwombeni fundi achore mpango wa kukata kabla ya kugusa msumeno.

Hatua ya 5: Msibane fedha kwenye bawaba

Mlango wa jiko la usharika hufunguliwa na watu wengi. Bawaba nyembamba huachia, mlango hulala, na kabati zima huonekana bovu ingawa fremu ni nzima. Punguzeni gharama kwenye rangi na vishikio. Bawaba na skrubu ziwe imara.

Hatua ya 6: Makubaliano na kumbukumbu

Ombeni bei kwa mafundi watatu kwa mchoro mmoja, ili mlinganishe kitu kilekile. Kamati inunue vifaa yenyewe na kudai risiti. Malipo ya ufundi yagawanywe: sehemu kazi inapoanza, sehemu fremu zikisimama, na salio baada ya kila mlango kujaribiwa mbele ya wapishi. Iandikwe pia kwamba mabaki ya mbao ni mali ya usharika.

Matofali, mchanga na siku za kazi zilizotolewa na waumini ziandikwe kwa idadi na kwa thamani ya bei ya mahali penu. Kwa marafiki wanaochangia, tunaomba mwelewe taarifa itakayoonyesha milango minne badala ya kumi na miwili. Mradi huo haujaishia njiani. Kamati imechagua sinki na bomba la moshi viwepo pia, na milango mingine itafuata mwaka ujao.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika jiko letu, ni chakula gani kinakaa sakafuni leo?
2. Sumu na mafuta ya taa vinawekwa wapi, na nani ana ufunguo?
3. Wapishi waliulizwa lini kuhusu kimo cha meza na mpangilio wa rafu?
4. Kama fedha zingetosha kufanya nusu tu ya kazi, tungeanza na nusu ipi?

Swali la nne lijibiwe kabla ya kutuandikia ombi.