Waya mpya haupiti kwenye taa ya zamani

*Taa ya mezani ya shaba niliyoachiwa na bibi ilikuwa na waya uliochanika. Nimeuchomoa, lakini mpya unakwama shingoni. Nifanyeje? Msomaji, Tanga*

Usiulazimishe. Unazuiwa na kona ya bomba lililo ndani ya shingo, na ukingo wake hukwangua ganda la waya. Funga nati ndogo kwenye uzi imara, idondoshe kutoka juu, tikisa taa hadi nati itokee chini. Hapo fungia waya mpya kwenye uzi, zungushia solotepu, kisha vuta uzi taratibu kutoka juu. (Waya wa zamani ungefaa kuwa kamba ya kuvutia mpya, ila umeshauchomoa, basi tena.)

Kwa kuwa mwili ni shaba, tumia waya wa nyaya tatu: ule wa kijani na njano, yaani wa ethi, ufungwe kwenye mwili wa taa. Piga fundo chini ya holda ili waya ukivutwa usichomoke. Soketi yako ikiwa haina ethi, mwite fundi umeme kabla hujawasha taa.