Ripoti Hiyo ni ya Benki, Si Yako

Barua ya safari hii imetoka Kibaha. Mwandishi wake ni mwalimu, mama wa watoto wawili. Mwaka jana mwezi Septemba alinunua nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi milioni 85, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki. Nyumba ilikuwa inang'aa: rangi mpya ndani na nje, dari ya jipsamu, vigae hadi barazani. Aprili mvua zilipokolea, ufa ukachomoza kwenye kona ya dirisha la sebule, ukapanda mshazari hadi kwenye lenta. Mei mlango wa chumba cha watoto ukagoma kufunga. "Lakini wakili," anaandika, "benki ilituma mtaalamu akaikagua nyumba, akaandika iko katika hali nzuri. Ripoti ninayo. Sasa nimshtaki nani: muuzaji, benki, au huyo mtaalamu?"

Nilimwomba anitumie hiyo ripoti. Ilikuwa kama nilivyodhani, maana katika kazi hii nimeshaziona nyingi za namna hiyo. Ni ripoti ya uthamini. Yote imeandikwa kwa Kiingereza, na jalada lina nembo na picha ya nyumba. Ukurasa wa pili una tarakimu mbili kwa herufi nzito: thamani ya soko, na thamani ya kuuza kwa haraka. Mwalimu alisoma ukurasa huo, akaona tarakimu ya kwanza inakaribiana na bei aliyotajiwa, akashusha pumzi. Kurasa za nyuma, zile zenye maandishi madogo, hakuzifikia. Simlaumu. Hata mawakili wengine hawazifikii.

Huko nyuma ndiko kuna aya ambayo karibu kila ripoti ya uthamini huwa nayo. Inasema hivi kwa Kiswahili cha kawaida: hatukufanya uchunguzi wa uimara wa jengo, hatukukagua mbao wala sehemu zilizofunikwa au zisizofikika, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sehemu hizo hazina kasoro. Chini yake ipo aya nyingine: ripoti hii imeandaliwa kwa matumizi ya benki peke yake, na hatuwajibiki kwa mtu mwingine yeyote. Huyo "mtu mwingine yeyote" ndiye mwalimu wetu, ambaye ndiye aliyelipa ada ya uthamini.

Mthamini hakumdanganya. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inamtaka awe amesajiliwa na afuate kanuni za kazi yake, na kazi yake ni kuiambia benki jambo moja: mkopaji akishindwa kulipa, tukiiuza nyumba hii tutapata ngapi? Ndiyo maana ile tarakimu ya pili ipo. Benki haiulizi kama nyumba itapasuka masika ijayo, kwa sababu benki haitalala humo. Na neno "nzuri" kwenye safu ya hali ya jengo lina maana ya vile inavyoonekana kwa mtu aliyezunguka nusu saa na kamera, wiki chache baada ya kupakwa rangi.

Huko Uingereza jambo hili lilifika hadi mahakama ya juu kabisa. Mnunuzi alitegemea ripoti ya mthamini wa mkopeshaji, ambaye hakugundua kwamba nguzo ya bomba la moshi ilikuwa imeondolewa chini na ile ya juu ikabaki inaning'inia. Baadaye matofali yakaporomoka ndani ya nyumba. Mwaka 1989 majaji waliamua kwamba, kwa nyumba ya kawaida ya mtu wa kawaida, mthamini anajua fika kuwa mnunuzi ataitegemea ripoti yake, hivyo anawajibika kwake. Na ile aya ya kujivua lawama haikumwokoa, kwa sababu wao walikuwa na sheria ya mwaka 1977 inayodhibiti masharti yasiyo ya haki. Hukumu ya namna hiyo kwetu inaweza kushawishi, haifungi. Nisingemshauri mwalimu aanze kesi yake hapo.

Twende kwa muuzaji, ndiko kwenye nyama. Watu wengi wanaamini kwamba muuzaji akijua kasoro na kukaa kimya, huo ni ulaghai. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi hivyo. Kifungu cha 17 kinaeleza ulaghai, kisha kinaongeza maelezo: kukaa kimya tu kuhusu jambo linaloweza kubadili nia ya mwenzako si ulaghai, isipokuwa pale mazingira yanapomlazimu mtu aseme, au kimya chake kinapokuwa sawa na kusema. Maana yake, muuzaji anaweza kukutembeza nyumba nzima, akakufungulia kila mlango, akajua fika kwamba msingi umetitia, asiseme kitu, kisha akasimama mbele ya hakimu na kudai hakukudanganya.

Ila kifungu hicho hicho kinataja kitu kingine: kuficha kwa makusudi jambo unalolijua. Kuziba ufa, kusawazisha, kupaka rangi na kuuza kabla mvua hazijarudi, huko si kukaa kimya. Mtu amefanya kazi ya kuficha kwa mikono na kwa fedha. Tofauti hii ndiyo kesi yenyewe, kwa sababu kifungu cha 19 kinampa muuzaji kinga moja: kama mnunuzi angeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, hawezi kuuvunja mkataba kwa sababu ya upotoshaji au ya kimya cha hila. Wakili wa muuzaji atasema, "Nyumba ilikuwa wazi, angekagua." Wewe ukithibitisha kwamba kasoro ilifichwa kwa vitendo, kinga hiyo inapwaya.

Hapa siwezi kujizuia. Ukinunua friji dukani Kariakoo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inakulinda hata kama mkataba wenu ulikuwa risiti ya kipande cha karatasi: inachukulia kwamba mfanyabiashara anakuuzia kitu kinachofaa kwa kazi uliyomwambia unakitakia. Sheria hiyo haigusi ardhi wala nyumba. Kitu utakachokilipia miaka kumi na tano, kitakachokatwa kwenye mshahara kila mwezi kabla hujaushika, kina ulinzi mdogo kuliko friji. Aliyekuwa mnyonge zaidi ndiye anayeambiwa ajihadhari mwenyewe. Bunge likitaka kazi, ipo: mlazimisheni muuzaji ajaze fomu ya kasoro anazozijua na kuitia saini. Ukurasa mmoja unatosha.

Kibaha kuna udongo ambao wahandisi wamekwisha kuandika juu yake: mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Nyumba nyepesi yenye msingi mfupi hubebwa na kushushwa kila mwaka, na kuta zake hulipa. Wauzaji wanalijua hilo, na madalali wanalijua kuliko wauzaji. Ndiyo maana nyumba za namna hiyo huonyeshwa sana kiangazi. Ukiambiwa "njoo haraka, kuna mteja mwingine wa Jumamosi," na ni Agosti, jiulize kwa nini Jumamosi hiyo isisubiri mvua mbili tatu.

Basi ukaguzi wako mwenyewe uwe vipi? Mtafute mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, umlipe wewe, umpe wewe maelekezo kwa maandishi. Asiwe yule aliyeletwa na dalali. Fundi wa dalali nimemwona akigonga ukuta kwa vidole viwili na kutamka, "Hizi za plasta tu, kaka, ukipiga rangi zinaisha." Namba ya usajili ya mhandisi iulize Bodi, usitosheke na muhuri, maana mihuri mjini inakodishwa kama viti vya harusi. Na yule ofisa wa halmashauri anayekuambia atakuandikia ripoti nzuri bila kufika, mradi umwekee mafuta ya gari, hajakurahisishia kitu. Amekuuzia karatasi ambayo siku ya kesi ataikana.

Ripoti ikija, usianze na ukurasa wa hitimisho. Anza na mipaka ya ukaguzi. "Umefanyika kwa macho tu" maana yake hakuna kilichofunuliwa wala kupimwa. "Haikufikika" maana yake hakuingia. Kama hakupanda darini, hajui hali ya kenchi wala kama mchwa wamefika. Kama mfuniko wa chemba ulikuwa umezibwa kwa saruji, hajui shimo la majitaka linafurika au la. Kila "haikufikika" moja ni swali kwa muuzaji: mbona haikufikika, na lini utaifungua? Muuzaji anayekataa kubomoa saruji ya mfuniko wa chemba amekujibu tayari.

Halafu kuna sentensi inayowapita wengi kwa sababu inasikika ya upole: "inapendekezwa uchunguzi zaidi." Mhandisi haandiki hivyo kwa adabu. Ameona kitu kinachomtia shaka ila hana kipimo cha kukithibitisha, na anajiwekea kinga. Ukinunua bila kufanya huo uchunguzi zaidi, ripoti uliyoilipia inageuka ushahidi dhidi yako: uliambiwa, ukapuuza. Mpigie simu, mwulize, "Ungekuwa unanunua wewe, ungefanya nini kabla ya kulipa?" Kisha mwombe ayaweke majibu yake kwenye maandishi.

Nyufa zisomwe kwa upana, mwelekeo na mahali. Ufa mwembamba kama unywele, uliotapakaa juu juu kama utando wa buibui, mara nyingi ni plasta iliyokauka vibaya. Ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha au mlango, au unaopanda ngazi ngazi kufuata maungio ya tofali, ni habari ya msingi. Kama sarafu inaingia kwa ubavu, acha kuzungumza bei, kwanza zungumza na mhandisi. Ripoti isiyotaja upana kwa milimita, isiyo na picha ya rula imewekwa juu ya ufa, isiyosema ufa uko ukuta gani, irudishe. "Nyufa ndogo ndogo zimeonekana" si ripoti.

Ukishaielewa, iingize kwenye mkataba. Hapa ndipo pesa za mhandisi zinapogeuka haki. Mwambie wakili wako aandike kwamba muuzaji ameulizwa kwa maandishi kuhusu nyufa, mafuriko, mchwa, majitaka na matengenezo ya miaka mitatu iliyopita, na majibu yake ni sehemu ya mkataba. Muuzaji akishajibu, kimya kimekwisha. Akijibu uongo, huo ni uongo ulioandikwa. Na sehemu ya bei ibaki mkononi mwa wakili hadi masika ipite, kama mtakubaliana. Wengi watakataa. Wanaokubali huwa na nyumba nzuri.

Kabla sijasahau, mwalimu anasema mwenyekiti wa mtaa alichukua asilimia kumi ya bei "kwa ajili ya kushuhudia." Sijui sheria yoyote inayompa mwenyekiti asilimia hiyo. Angalau kwa milioni nane na nusu angemwambia mnunuzi kwamba nyumba ile hupasuka kila mwaka. Alikuwa anajua, kwa sababu anakaa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Sasa jibu lako, mwalimu. Benki usiishtaki, na usiache kulipa marejesho ukidhani unaikomoa. Mkopo ni mkataba mwingine na nyumba yako imewekwa rehani. Mlengwa wako ni muuzaji, kwa kuficha kwa makusudi. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka sita kwa madai ya mkataba, na palipo na ulaghai muda huhesabiwa tangu ulipoweza kuugundua, ila usiubembeleze muda. Anza na barua ya madai kupitia wakili, ukitaka ama mkataba uvunjwe na fedha zirudi, ama akulipe gharama za kuimarisha msingi kwa makadirio ya mhandisi. Wauzaji wengi hutafuta suluhu wanapoona barua ina picha.

Kwa hiyo kazi ya wiki hii ni ushahidi. Uliandika kwamba jirani wa mkono wa kushoto alikuambia, "Hiyo nyumba kila mwaka inapigwa plasta, tulidhani unajua." Mwombe, kwa heshima, kama yuko tayari kuyasema hayo kwa kiapo. Mtafute fundi aliyeipaka rangi Agosti. Mafundi wa mtaani hawafichiki, na huyo hana sababu ya kumbebea muuzaji msalaba. Mlete mhandisi akwangue rangi kando ya dirisha mbele ya shahidi na apige picha: ukiukuta ufa wa zamani umejazwa saruji mpya chini ya rangi, hiyo picha ina thamani kuliko kurasa zote za ripoti ya benki. Mpaka hapo usizibe chochote. Mume wako akija na fundi Jumamosi kama ulivyoandika, mrudisheni fundi na mwiko wake.