Kuka ya Gesi na Stima: Ni ya Mama au ni ya Nyumba?



Wapenzi wanandoa, mwezi huu hatutazungumza juu ya wivu wala juu ya mashemeji. Tutaingia jikoni. Ziko ndoa zenye amani sebuleni na hata chumbani, lakini jikoni kuna ugomvi wa chini kwa chini ambao hakuna anayeutaja.

Karibu na Chepseon, kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru, niliitembelea familia moja. Baba alikuwa amechukua mkopo wa chama cha akiba, akitegemea kuulipa kwa bonasi ya majani chai, akanunua kuka kubwa: mafiga matatu ya gesi, la nne la stima, na chini yake oveni ya stima. Ilikuwa zawadi ya kutimiza miaka kumi ya ndoa. Siku ilipoletwa watoto walirukaruka, mama akapiga vigelegele. Miezi minane baadaye nilipofika, kuka ilikuwa imefunikwa kitambaa kizuri kilichofumwa kwa mkono, na juu ya kitambaa kumewekwa picha ya Familia Takatifu na chupa ya maua. Mama mwenyewe alikuwa nje kwenye jiko la kuni, macho mekundu kwa moshi, akinichemshia chai.

"Unaona, Mwalimu?" baba aliniambia. "Nimetoa pesa zote zile, naye hataki kuitumia."

Mama alingoja baba atoke kwenda kuangalia ng'ombe, ndipo akanieleza upande wake. Mwanzoni alipikia kuka kila siku. Gesi ikaisha kabla ya mwezi kwisha, na baba akauliza kwa sauti kubwa, mbele ya mama mkwe, ni karamu gani hiyo iliyopikwa. Kisha siku moja asubuhi stima ilikatika maharagwe yakiwa juu ya figa la stima. Aliipua sufuria, akaenda kumalizia kwenye kuni, akaweka beseni la plastiki juu ya kuka na kwenda kuchuma majani chai. Kitufe alikiacha kama kilivyokuwa. Saa nane mchana stima ikarudi. Mtoto wa jirani ndiye aliyeona moshi dirishani akapiga kelele. Nyumba ilipona, beseni likayeyuka, ukuta ukawa mweusi. Lakini maneno aliyoambiwa jioni ile mama bado anayakumbuka moja moja. Tangu hapo akaifunika kuka.

Baba aliporudi nilimwuliza kama yeye anajua kuiwasha. Akacheka. "Mimi? Hiyo si ni ya mama?"

Basi somo letu linaanzia hapo. Chombo chenye moto wa aina mbili kimeingia katika nyumba ya watu wawili, na mmoja wao hakijui kabisa. Huyo asiyekijua ndiye anayekilipia, ndiye anayehesabu siku za gesi, na ndiye anayelaumu. Mwenzake anabeba hatari na lawama peke yake. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwahimiza wanandoa wasisahau kuombana, kushukuruana na kuombana radhi nyumbani kila siku. Jikoni ni mahali pazuri pa kujaribu yote matatu.

Gesi

Fahamuni kwanza tabia ya gesi ya mtungi: ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini kama moshi wa kuni, bali hutambaa sakafuni na kujaa penye shimo au pembe. Kwa sababu hiyo kufungua dirisha peke yake hakutoshi, fungueni mlango. Yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya mnayoisikia imetiwa kusudi ili iwaonye. Mkiisikia, msiwashe kiberiti, wala msiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, kwa maana cheche ndogo ya ndani ya swichi yatosha kulipua. Fungeni rejuleta, fungueni mlango, watoto watoke nje, na mtungi utolewe nje kama unafikika bila hatari. Kama moto umekwisha kushika, acheni vitu, tokeni.

Mtungi usimame wima daima. Ni afadhali ukae nje ya ukuta, penye kivuli na kufuli, mpira wa gesi ukipita kwenye tundu. Kama ni lazima ukae ndani, usiwekwe mahali palipo chini kuliko sakafu, wala karibu na jiko la makaa. Mpira usipite nyuma ya oveni inapopata joto. Ukiona umepasuka au umekauka, nunueni mwingine siku hiyo hiyo. Bei yake haifiki hata robo ya bei ya gesi. Kila mnapobadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye rejuleta na kwenye ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakichezacheza, gesi inavuja. Wako wanaojaribu kwa kiberiti. Hao tuwaombee.

Kuwasha kuna utaratibu: kiberiti kwanza, kitufe cha gesi baadaye. Anayefungua gesi na kuanza kutafuta kiberiti mfukoni anakusanya gesi chini ya sufuria. Wakati wa kulala anzeni kufunga kwenye rejuleta, moto uzimike wenyewe kwa kukosa gesi, kisha fungeni vitufe. Na tazameni rangi. Moto wa buluu ni mzuri. Wa manjano unaopaka sufuria masizi ni dalili kwamba matundu yameziba kwa uji uliofurika, na gesi yenu inapotea bure. Sugueni, kausheni, rudisheni.

Kuhusu ununuzi, hapa ndipo ugomvi wa "gesi imeisha upesi" huanzia, na huenda mama hana kosa lolote. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe. Kama umeandikwa kilo 14.2 na gesi ni ya kilo 13, mizani lazima isome kilo 27.2. Mwombeni mwenye duka apime mbele yenu, na mtazame kizibo kama hakijaguswa. Msinunue kwa wanaojaza mitungi kwa siri kwa sababu ya bei nafuu. Mwezi Februari 2024, huko Embakasi, Nairobi, mahali pa kujazia gesi pasipo na kibali palilipuka usiku. Watu walikufa na mamia wakaumia, wengi wao wakiwa majirani tu waliokuwa nyumbani kwao.

Stima

Nyumba zetu nyingi ziliwekewa waya kwa ajili ya taa, redio na kuchaji simu. Kuka ni mzigo mwingine. Figa la stima hula karibu wati 1,500, na oveni wati 2,000 au zaidi. Soketi ya kawaida ya ukutani ina uwezo wa ampea 13, yaani wati 3,100 hivi. Fanyeni hesabu: vikiwaka vyote viwili kwa pamoja, soketi imezidiwa. Plagi inapata moto, inageuka rangi, siku moja inashika. Kwa hiyo kuka iwe na waya wake mnene kutoka kwenye swichi kuu, na swichi yake kubwa ukutani, na waya wa ardhi uunganishwe barabara, ili mama asirushwe na stima anaposhika kuka kwa mikono yenye maji. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni, si ya kijana wa shemeji anayejua kidogo.

Sasa lile beseni. Stima ikikatika, jambo la kwanza ni kurudisha vitufe vyote sifuri na kuzima swichi ya ukutani, kabla ya kwenda shambani. Huku kwetu mvua kubwa na stima havipatani, kwa hiyo jambo hili litatokea tena na tena. Na juu ya kuka pasiwekwe kitu kamwe. Kile kitambaa kizuri kiende mezani, na Familia Takatifu ipate ukuta wake.

Figa la stima halizimiki moto mara moja kama gesi. Hilo ni hatari kwa mtoto, kwa kuwa halionyeshi mwali wowote, lakini pia ni faida: lizimeni dakika tano kabla chakula hakijaiva, joto lililobaki litamalizia. Litumieni kwa sufuria yenye kitako bapa. Iliyobonyea hugusa katikati tu, na nusu ya tokeni yenu inapasha hewa. Oveni nayo isiwashwe kwa ajili ya mkate mmoja. Siku ya kuoka, okeni vyote pamoja, na acheni kufungua mlango kila dakika kuchungulia.

Kipi kipikwe wapi

Nchi yetu ya majani chai iko juu, mita 2,000 hivi na zaidi kutoka usawa wa bahari. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100 kama Mombasa. Kwa hiyo maharagwe na githeri huchelewa kuiva, hata moto uwe mkali namna gani. Kuongeza moto ni kupoteza gesi tu. Ndiyo maana gesi ya mama yule iliisha upesi! Alikuwa akichemsha maharagwe makavu saa tatu juu ya figa la gesi. Loweka maharagwe usiku kucha, tumia sufuria ya presha kama ipo, na moto ukishachemsha upunguze.

Gesi ni ya mambo ya haraka: chai ya alfajiri, uji wa mtoto, mayai, mboga. Kimyet ya watu wanane ni jambo lingine. Ukisonga kwa nguvu, sufuria huzunguka juu ya vyuma vyembamba na yaweza kupinduka pamoja na kuka yenyewe. Songeni kwenye kuni, au baba ashike sufuria. Na mursik haina habari na gesi wala stima. Sotet yataka makaa ya senetwet, na mama mkwe atawaambia hivyo bila kuulizwa. Hivyo jiko la nje lisivunjwe. Lakini lisiwe la kila kitu, kwa sababu moshi wa kuni unaumiza vifua vya akina mama na watoto wachanga waliobebwa mgongoni.

Neno moja juu ya baridi ya Juni na Julai. Msiwashe mafiga ya gesi ili kupasha nyumba joto, wala msiingize jiko la makaa chumbani. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu, na imeua watu waliolala wakidhani wanajistarehesha. Na mafuta yakishika moto kwenye kikaango, zima figa, funika kwa mfuniko, uache. Usimwage maji, usikimbie nacho.

Pesa na maneno

Mwaka 2025 wakulima wengi wa Kericho na Bomet walisikitishwa na bonasi yao, kwa hiyo sisemi kwamba pesa si kitu. Nasema ihesabiwe na wote wawili. Siku mtungi unapofungwa, andikeni tarehe kwa chaki ukutani. Andikeni pia tokeni mnazonunua. Wekeni kidogo kila wiki kutoka kwa pesa za maziwa, kwenye mkebe ambao wote wawili mnajua ulipo. Kumbukeni arusi ya Kana katika Injili ya Yohane, sura ya 2: kilipopungua kinywaji, Mama Maria aliona, akaenda kumwambia anayeweza kusaidia. Hakumwaibisha mwenye arusi mbele ya wageni.

Yule baba alimlaumu mkewe mbele ya mama yake mzazi. Nilimwambia waziwazi kwamba basi na radhi aiombe hapo hapo, si chumbani kwa kunong'ona. Alinyamaza kwa muda mrefu. Mama naye ana lake: alipaswa kusema kwamba anaogopa, badala ya kufunika kuka na kumwachia mwenzake afikiri amedharauliwa.

Jioni hiyo tuliondoa kitambaa. Baba alishika kiberiti, mama akamwelekeza. Alifungua gesi kwanza. "Baba watoto, kiberiti kwanza!" mama alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nifike nilimsikia akicheka.

Ya kufanya ninyi wawili, kabla ya toleo lijalo

Jumamosi moja watoto wakiwa wamelala, kila mmoja amwonyeshe mwenzake, bila kusaidiwa, jinsi ya kufunga rejuleta na mahali ilipo swichi ya kuka, taa zikiwa zimezimwa. Pakeni povu la sabuni kwenye mpira. Halafu kaeni mezani mjibizane: Ni nani kati yetu anayekiogopa chombo hiki, na tangu lini? Mara ya mwisho gesi ilipoisha, tuliambiana nini, na ni nani mwingine aliyesikia? Kisha baba achemshe chai, na mama akae.